Sahihi ya Aliyeuona Mguu

Kiswahili kina neno moja linalobeba mizigo miwili. Sahihi ni jambo lisilo na kosa. Sahihi pia ni jina ambalo mtu huliandika kwa mkono wake chini ya waraka. Neno hilo tumelipata kutoka Kiarabu, na wanafunzi wa elimu ya hadithi wanalijua kwa ukali zaidi yetu: hadithi huitwa sahihi pale ambapo mnyororo wa wapokezi wake haukukatika, na kila mpokezi ni mwaminifu aliyeisikia kwa yule aliyemtangulia. Kwa hiyo mtu anapoweka sahihi, lugha yetu inamdai kitu. Inamuuliza: haya yaliyoandikwa juu ya jina lako, umeyajuaje?

Nimekaa na swali hilo kwa muda sasa, na lililonipa ni jozi ya viatu.

Medicare ni bima ya serikali ya Marekani kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, pamoja na baadhi ya watu wenye ulemavu. Tangu 1993 bima hiyo huwalipia wagonjwa wa kisukari ambao miguu yao iko hatarini viatu maalumu vya tiba: jozi moja kwa mwaka, pamoja na soli za ndani. Mgonjwa huchangia asilimia 20 ya gharama. Lakini ili bima ilipe, lazima daktari anayemtibu mgonjwa huyo kisukari athibitishe kwa maandishi kwamba anavihitaji. Sheria inataka daktari hasa. Muuguzi hatoshi, hata kama ndiye aliyemtibu mgonjwa huyo mwaka mzima, na hata kama katika zahanati nzima hakuna mwingine.

Kwa miaka kadhaa sasa wapo wanaotaka mlango huo upanuliwe ili watu wengine wa afya nao waruhusiwe kuthibitisha. Ukiliangalia juu juu, hili ni suala la makaratasi, la kuwaachia wanasheria na watu wa bima. Mimi nimefikia kuamini kwamba ndani yake mna swali la zamani sana: nani ana haki ya kushuhudia juu ya mwili wa mtu mwingine, mwenye cheo au aliyeona?

Nianze na mguu wenyewe, maana bila kuuelewa hoja yote itaonekana kama ugomvi wa vyeo.

Kisukari kisipodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanza na ile mirefu zaidi, inayofika miguuni. Mgonjwa hufa ganzi kidogo kidogo. Wakati huohuo mishipa ya damu huweza kuziba, hivyo jeraha likitokea hupona kwa taabu. Kokoto likiingia kiatuni mwako, utalitoa baada ya hatua tatu. Mwenye ganzi atatembea nalo hadi jioni, na atakachokiona kwanza ni damu kwenye soksi. Kati ya kila watu 100 wanaokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, karibu 85 walianza na kidonda, na kidonda hicho aghalabu huanza na jambo dogo: sugu, malengelenge, mshono wa kiatu uliosugua mahali pamoja kwa wiki nzima.

Aliyelielewa jambo hili mapema alikuwa Paul Brand, daktari Mwingereza aliyezaliwa India. Wagonjwa wake walikuwa wa ukoma, kwanza Vellore kusini mwa India, kisha, kuanzia 1966, katika hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana. Watu wengi waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand alionyesha kwamba sehemu kubwa ya uharibifu ilitokana na ganzi: asiyesikia maumivu hushika sufuria ya moto, hukanyaga msumari, na huendelea na safari. Alionyesha pia kwamba shinikizo dogo, likirudiwa mahali palepale kwa maelfu ya hatua, linatosha kuiua nyama ya unyayo. Maarifa hayo yalivuka kutoka kwa wagonjwa wa ukoma hadi kwa wagonjwa wa kisukari, na hapo ndipo hoja ya viatu vya tiba ilipopata nguvu. Kiatu chenye kina, kisichobana vidole, chenye soli ya ndani inayofuata umbo la mguu, huugawa uzito wa mwili ili usitue mahali pamoja.

Tuna msemo kwamba mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Msemo huo umejengwa juu ya imani kwamba kila mtu ndiye shahidi wa kwanza wa mwili wake, na wengine wote hufuata nyuma yake. Kisukari kinauvunja. Mvaaji hajui. Mguu umekatika mawasiliano na mwenyewe, naye anaweza kukuambia kwa unyoofu kabisa kwamba hana tatizo lolote huku ngozi ikichanika chini yake. Shahidi wa kwanza amenyamaza. Kuanzia hapo lazima apatikane wa pili, na swali la huyo wa pili awe nani ndilo swali la sheria hii.

Mimi ni mkalimani. Nafanya kazi katika zahanati na hospitali za jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, ambako katika miaka ya karibuni wamehamia Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Wengi hufanya kazi viwandani, na baadhi wamewaleta wazazi wao. Humo ndimo nilimokutana na mama mmoja kutoka Uvira. Nimebadilisha mambo madogo madogo hapa ili asitambulike, lakini si yale yenye uzito.

Mama huyu alikuwa akitibiwa na muuguzi. Nieleze ni muuguzi wa aina gani, kwa sababu kwetu neno hilo linaweza kupotosha. Marekani wapo wauguzi waliosoma mbali kuliko uuguzi wa kawaida, hadi shahada ya uzamili au zaidi, ambao hupima, hutambua ugonjwa na huandika dawa. Nitawaita wauguzi tabibu, maana kazi yao inakaribia ile ya matabibu wetu. Mafunzo yao ya kwanza yalianzishwa Colorado mwaka 1965 na muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver, mwaka uleule ambao Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoizaa Medicare. Leo wapo zaidi ya 300,000 nchini humo. Katika zaidi ya nusu ya majimbo, Iowa likiwemo, wanaruhusiwa kuendesha zahanati bila daktari juu yao. Katika miji midogo ya mahindi na nguruwe, mara nyingi ndio waliopo.

Siku ile muuguzi tabibu alipiga goti sakafuni akamvua Mama soksi kwa mikono yake. Alichukua kijiti chenye uzi mfupi wa nailoni, uliotengenezwa ili upinde ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10. Kipimo hiki ni rahisi. Mgonjwa hufumba macho, uzi huguswa sehemu mbalimbali za unyayo, naye husema kila anapousikia. Nilimweleza Mama: ukihisi unaguswa, sema ndiyo. Akafumba macho, akatulia, mikono mapajani.

Uzi ukagusa kidole gumba. Kimya. Ukagusa chini yake, penye sugu nene ya rangi ya kahawia. Kimya. Ukagusa katikati ya unyayo, kisha upande wa nje. Baada ya mara nne au tano Mama akaniuliza, macho bado yamefumbwa, "Mwanangu, huyu muganga ataanza saa ngapi?"

Nikatafsiri. Muuguzi akausimamisha mkono wake hewani kwa muda kidogo, kisha akaendelea hadi mwisho, akaandika.

Katika Kiswahili cha pwani mganga ni mtu wa mizizi na hirizi. Katika Kiswahili cha Kongo muganga ndiye anayekutibu hospitalini, na Mama hakumwita muuguzi yule hivyo kwa kukosea. Kwao, kituo cha afya cha kawaida huongozwa na muuguzi. Ndiye anayekupima, ndiye anayekuandikia dawa, na ndiye anayekuambia uende hospitali kubwa ikiwa hali imemshinda. Mama alikuwa amevuka bahari na kukuta utaratibu anaoujua, isipokuwa kwenye jambo moja.

Muuguzi alituambia wazi: mguu huu unahitaji viatu vya tiba, na mimi siruhusiwi kusema hivyo kwa Medicare. Angeweza kumwandikia insulini siku hiyohiyo, dawa ambayo ikikosewa kipimo inaweza kumuua mtu kabla ya asubuhi. Angeweza kuthibitisha kwamba Mama anahitaji muuguzi wa kumfuata nyumbani, maana Bunge la Marekani liliufungua mlango huo mwaka 2020. Tangu 1998 Medicare yenyewe imekuwa ikiwalipa watu wa kada yake moja kwa moja kwa kazi hizo, mahali popote nchini. Lakini viatu hivyo hawezi.

Basi tukatafutiwa daktari katika mji mwingine, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Alikuwa na nafasi baada ya wiki sita. Kwa kuwa sheria inamtaka daktari anayethibitisha awe anamtibu mgonjwa kisukari chake, na awe amekutana naye ana kwa ana ndani ya miezi 6 kabla ya kukabidhiwa viatu, ilibidi Mama aandikishwe kwake kama mgonjwa mpya. Mwanawe, anayefanya kazi katika kiwanda cha nyama, alikosa ujira wa siku mbili: moja ya kwenda na moja ya kurudi tena kwa sababu karatasi moja haikuwa na tarehe.

Daktari alikuwa mtu mwema. Alizungumza na Mama kuhusu sukari yake, akaangalia dawa zake, akasoma maelezo ya muuguzi kwenye kompyuta, kisha akaandika kwamba anakubaliana nayo. Soksi hazikuvuliwa. Sheria haikumlazimisha azivue. Inaruhusu mguu uwe umechunguzwa na mtu mwingine wa afya, mradi daktari ayapitie maelezo hayo, ayakubali na kuweka jina lake. Alisema, na mimi nikatafsiri: "Muuguzi wako ameandika vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi. Kilichobaki ni jina langu tu."

Mama akaniuliza kwa sauti ya chini kama jina hilo ni la kununua.

Kanuni ya kazi yangu ni kwamba kila linalosemwa chumbani hutafsiriwa. Nikalitafsiri. Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka.

Viatu vilifika mwezi wa nne tangu siku ya uzi. Katikati ya muda huo ile sugu chini ya kidole gumba ilipasuka, ikawa kidonda cha ukubwa wa punje ya haragwe. Muuguzi alikitibu kikapona baada ya wiki saba. Sidai kwamba viatu vingekizuia. Mwili wa mtu mmoja si utafiti. Ninachodai ni kwamba katika miezi hiyo minne hakuna maarifa yoyote mapya yaliyoongezeka kuhusu mguu wa Mama. Yote yaliyojulikana siku ya sahihi yalikuwa yamejulikana siku ya uzi.

Ukiichambua sahihi utakuta ina mambo matatu. La kwanza ni ujuzi: najua kwamba hili ni kweli. La pili ni dhamana: ikigundulika si kweli, nitafuteni mimi. La tatu ni mamlaka: nina ruhusa ya kulisema hili likaleta matokeo. Katika sahihi iliyo nzima, mambo haya matatu hukaa kwa mtu mmoja. Ndiyo maana sahihi ya shahidi wa ndoa ina maana, na ya mtu aliyepita njiani haina.

Sheria ya viatu inaruhusu mambo hayo yatenganishwe. Ujuzi unabaki kwa muuguzi aliyepiga goti. Mamlaka yanakaa kwa daktari wa mji mwingine. Dhamana inaelea katikati, maana maelezo yakiwa na kosa, daktari atasema aliyakuta yameandikwa, na muuguzi atasema hakuthibitisha yeye. Kuna jambo la ajabu zaidi. Daktari wa miguu, mtu ambaye tangu asubuhi hadi jioni hashiki kitu kingine ila miguu, anaweza kuviandika viatu hivyo, lakini naye hawezi kuthibitisha kwamba mgonjwa anavistahili. Mnyororo upo na kila pete ni nzima, ila pete ya mwisho pekee ndiyo inayohesabiwa.

Mimi hutamka "mguu wangu" mara nyingi kwa siku kuhusu miguu isiyo yangu. Kazi ya mkalimani ni hiyo: kusema "mimi" kwa niaba ya mwingine. Lakini kila aliyemo chumbani anajua kwamba sauti ni yangu na maneno ni ya mgonjwa, na hakuna anayenidai ushahidi. Jina chini ya fomu ya serikali haliko hivyo. Linajitokeza kama neno la aliyejua. Tunapomzoeza mtu mwaminifu kuliweka juu ya asichokiona, tumemfundisha kwamba sahihi ni pambo la kumalizia kazi. Madhara ya funzo hilo hayaishii kwenye viatu.

Wanaotaka sheria ibaki ilivyo wana hoja, na si hoja za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni utapeli. Kitu chochote kinacholipiwa na bima huvutia wezi, na viatu vimo. Wazee hupigiwa simu na watu wasiowajua, wakiahidiwa viatu vya bure wakitaja tu namba ya bima. Ukiongeza idadi ya wanaoweza kuthibitisha, umeongeza milango. Hili ni kweli kwa hesabu. Lakini tujiulize mwizi anazuiwa na nini hasa. Anayeuza viatu kwa simu haogopi shahada. Anaogopa kuulizwa ni nani aliyeutazama mguu huu, lini, na aliona nini. Muuguzi tabibu ana leseni inayoweza kufutwa, ana namba yake kwenye mfumo wa malipo, na anaweza kushtakiwa. Daktari anayethibitisha kwa kusoma maelezo ya wengine ni rahisi zaidi kudanganywa kuliko muuguzi aliyeushika mguu. Kama tunataka uzio imara, tuujenge kwenye uchunguzi wa ana kwa ana.

Hoja ya pili ni kwamba mguu si kitu cha peke yake. Mguu wenye ganzi ni habari kuhusu moyo, figo na macho, na kumlazimisha mgonjwa afike kwa daktari angalau mara moja kwa mwaka kunaweza kuyaokoa hayo mengine. Nimeifikiria hoja hii kwa uzito kwa sababu nimeona wagonjwa wakigunduliwa mambo makubwa walipofuata madogo. Hata hivyo inataka viatu viwe chambo. Ikiwa mtu anahitaji kumwona daktari, mwambie hivyo na umsafirishe. Kumnyima kinga ya mguu ili afuate kinga ya figo ni kumshika mguu wake mateka. Tena anayeumia ni yule aliye mbali na daktari, yaani yule ambaye muuguzi ndiye tabibu wake wa pekee.

Hoja ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi, na hutoka kwa watu wa upande wangu. Wanasema: leo muuguzi athibitishe viatu, kesho athibitishe jambo kubwa zaidi, na mwisho tutakuwa na daktari kwa tajiri wa mjini na muuguzi kwa mkimbizi wa kijijini, na tutaliita jambo hilo maendeleo. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hofu hiyo. Kuanzia miaka ya 1960 Tanzania iliwafundisha madaktari wasaidizi, watu waliokuwa matabibu kwanza kisha wakaongezewa mafunzo, na wao ndio waliowapasua wanawake wengi wa wilayani waliokwama katika uzazi. Wapo waliosema kwamba hiyo ni tiba ya daraja la pili kwa watu wa daraja la pili. Wapo waliojibu kwamba mama aliyepasuliwa na daktari msaidizi akarudi nyumbani na mtoto hakupata nusu ya uhai.

Nadhani kipo kipimo cha kutofautisha. Ruhusa iliyotolewa kwa sababu hakuna mwingine ni ruhusa ya upungufu, nayo inapaswa kutuona aibu hata inapookoa. Ruhusa iliyotolewa kwa sababu mtu huyu anaijua kazi hii ni ya haki, na dalili yake ni kwamba itafaa popote, mjini na kijijini, kwa maskini na kwa mwenye nacho. Je, muuguzi tabibu anaweza kujua kama unyayo una ganzi, una sugu, una kidonda cha zamani, umepinda, au damu haifiki vizuri? Hayo ndiyo mambo ambayo Medicare inayauliza, pamoja na kama mguu umewahi kukatwa. Ni mambo ya kuonekana na kuguswa. Anayaweza Iowa, na angeyaweza New York, kwa mgonjwa yeyote. Basi ruhusa hii si sadaka kwa wa kijijini.

Uzoefu wetu unaunga mkono jambo hilo. Mwaka 2004 ulianza Tanzania na India mradi wa kuzuia miguu isikatwe kwa sababu ya kisukari, ulioitwa Step by Step, na mmoja wa waliouongoza ni daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Waliofundishwa walikuja wawili wawili kutoka kila kituo, daktari pamoja na muuguzi au mhudumu mwingine wa afya. Walifundishwa pamoja, kwa kuwa mguu unaookolewa huokolewa na anayeutazama mara kwa mara, na anayeutazama mara kwa mara ni nadra awe daktari peke yake.

Kuna utafiti mmoja ambao ungeweza kuchukuliwa kama pigo kwa yote haya. Mwaka 2002 Gayle Reiber na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la miaka 2 katika jimbo la Washington, lenye wagonjwa 400 wa kisukari waliowahi kupata vidonda vya mguu, wasiokuwa na ulemavu mkubwa wa mguu. Waliopewa viatu vya tiba hawakupungukiwa na vidonda vipya kwa kiasi kinachotofautiana vya kutosha na wale waliovaa viatu vyao vya kawaida. Watafiti wakasema kwamba kwa wagonjwa wa aina hiyo huenda uangalizi makini wa watu wa afya una uzito kuliko kiatu chenyewe.

Mwanzoni utafiti huo ulinisumbua. Sasa nauona kama maelezo bora ya kwa nini sahihi ina uzito. Kiatu peke yake ni ngozi na uzi. Kinachomlinda mgonjwa ni jicho linalorudi kuuangalia unyayo wake, mwezi baada ya mwezi, na kiatu ni sehemu ya jicho hilo kufanya kazi. Sheria inayompa mamlaka mtu asiyeuona mguu na kumnyima anayeuona inalipia kiatu na kulidharau jicho.

Mswada wa kubadilisha jambo hili umeletwa katika Bunge la Marekani zaidi ya mara moja, na wabunge wa vyama vyote viwili, bila kuwa sheria. Katika mpango mmoja wa majaribio wa Medicare, uitwao ACO REACH, wauguzi tabibu wameruhusiwa kuthibitisha. Ningekuwa na sauti ningeomba mlango ufunguliwe kwao na kwa wasaidizi wa madaktari, na papo hapo sharti liongezwe: anayethibitisha awe ameuvua mguu soksi na kuuchunguza mwenyewe, asiwe na faida katika viatu vinavyouzwa, na ajibu kwa leseni yake. Sharti hilo limfunge muuguzi, limfunge na daktari. Ukilisoma vizuri utaona kwamba linapanua na kubana kwa wakati mmoja. Wengi zaidi watakuwa na ruhusa ya kushuhudia, na hakuna atakayeruhusiwa kushuhudia asichokiona.

Ninaposimulia mambo haya kwa rafiki zangu walioko nyumbani, huniuliza kwa nini nihangaike na fomu za Wamarekani. Huwajibu kwa kuwauliza ni mara ngapi wamepanga foleni wakisubiri mhuri. Barua ya serikali ya mtaa inayosema unafahamika, imeandikwa na mtu ambaye jina lako amelisoma kwenye karatasi uliyomletea wewe mwenyewe. Jirani wa miaka 20 amesimama pembeni, anajua mpaka siku uliyozaliwa mtoto wako wa kwanza, na neno lake halina nafasi kwenye fomu. Tumezoea. Tunasema ndiyo utaratibu, tunalipa nauli ya kurudi kesho.

Utaratibu ni kitu kizuri, nami siutaki ulimwengu ambao kila mtu anathibitisha chochote. Ila kila unapoona foleni ya kusubiri jina la mtu, tafuta kwanza ni nani katika foleni hiyo, au nje yake, aliyekwisha kuona. Kama ni mwingine na siye anayesubiriwa, basi kuna mahali mnyororo umekatwa, na gharama yake inalipwa na yule aliye na nguvu ndogo zaidi ya kulalamika. Katika habari hii ni mtu ambaye mguu wake hauwezi hata kumwambia kwamba unaumia.